Taya Lililofungwa, Taya Lililolegezwa

Mzee wa Kikipsigis aliyezaliwa miaka ya thelathini au arobaini, akicheka, huonyesha pengo. Meno mawili ya mbele ya taya la chini hayapo, na hayakung'oka kwa uzee wala kwa ngumi. Yaling'olewa kwa makusudi angali mtoto, baada ya meno ya ukubwani kuota, na ganzi haikuwepo. Wanandi walifanya hivyo, Wamaasai walifanya hivyo, na majirani zao Wajaluo waling'oa sita. Kuanzia Kipkelion hadi Chepalungu wenye pengo hilo bado wanaonekana siku ya soko, ila kila mwaka wanapungua, na wajukuu wao wana meno kamili.

Ukiuliza sababu utapewa mbili, mara nyingi na mtu yuleyule. Ya kwanza ni tiba: ugonjwa ukimfunga mtu kinywa, pengo ndilo mlango wa kumpitishia maziwa na uji hadi apone au afe. Ya pili ni sura. Pengo lilimtambulisha mtu kuwa ni wa hapa, likamtengenezea tabasamu lililokubalika, na aliyebaki na meno yote alionekana kama kazi iliyoachwa njiani. Ipi ilitangulia, tiba au urembo? Hakuna atakayeweza kukuapia.

Leo taya limerudi kwenye mazungumzo, na limekuja tena na sababu mbili. Katika simu za vijana wa Kericho, Litein na Bomet zinapita video za sindano inayochomwa kwenye kona ya taya. Mchomaji anasema inaupunguza uso ukawa mwembamba kuelekea kidevuni. Mwingine anasema inaondoa kusaga meno usiku na maumivu ya kichwa ya asubuhi. Sindano ni moja, dawa ni moja, msuli ni mmoja. Anayetaka sura huweza kusema anatafuta nafuu, na anayetafuta nafuu huweza kufurahia sura, na sioni ubaya wowote hapo. Ubaya huanza pale mtu asipojua ni kipi hasa anachonunua.

Tuanze na ule ugonjwa wa wazee. Ni pepopunda. Vijidudu vyake hukaa katika udongo na kinyesi cha mifugo, na nchi hii ya jembe na ng'ombe ina vyote viwili kila uani. Mguu uliochomwa na kisiki, kitovu cha mtoto kilichokatwa kwa wembe mchafu: kijidudu huingia, hutoa sumu, na sumu hupanda kwenye mishipa ya fahamu hadi uti wa mgongo. Huko inakata breki. Misuli yetu huishi kwa amri mbili, ya kukaza na ya kulegeza, na sumu ya pepopunda huifuta ile ya kulegeza. Msuli wa kutafunia huwa miongoni mwa misuli ya kwanza kushikwa, ndiyo maana mgonjwa hufungwa kinywa kabla mgongo haujapinda, na mtoto mchanga huacha kunyonya kabla hajaanza kukakamaa. Mpango wa taifa wa chanjo ulianzishwa mwaka 1980, na kadiri chanjo ilivyoenea ndivyo sababu ya kitabibu ya kung'oa meno ilivyoisha nguvu. Ile ya urembo ilikuwa imeshashughulikiwa na shule na kanisa.

Kijidudu cha pepopunda, Clostridium tetani, kina ndugu wa ukoo mmoja aitwaye Clostridium botulinum. Huyu naye hukaa udongoni, naye hupenda mahali pasipo hewa, lakini sumu yake hufanya kazi kinyume: amri ya kukaza inazuiwa mlangoni mwa msuli, na msuli unalala. Kope huanguka, sauti hukwama, mate hayamezeki, na mwishowe kifua hushindwa kuvuta pumzi. Ni miongoni mwa sumu kali kuliko zote zinazojulikana.

Mjerumani Justinus Kerner, daktari ambaye pia alikuwa mshairi, aliandika habari zake kati ya mwaka 1817 na 1822 baada ya kuwaona watu wakifa kwa kula soseji zilizoharibika. Aliionja sumu hiyo mwenyewe, kidogo kidogo, na akawaza kwamba huenda siku moja ingeweza kutuliza misuli inayocheza ovyo. Desemba 1895, katika kijiji cha Ellezelles huko Ubelgiji, bendi iliyopiga muziki mazishini ilikula nyama ya paja la nguruwe. Kati ya wanamuziki 34, wengi waliugua na watatu wakafa. Émile van Ermengem alikipata kijidudu katika nyama ile na kwenye maiti, akatangaza matokeo yake mwaka 1897.

Kenya nayo imo katika kumbukumbu hizo. Mwaka 1979 madaktari waliandika kuhusu mlipuko wa ugonjwa wa sumu hii miongoni mwa wafugaji wa kuhamahama nchini, na mwaka uliofuata jarida la British Medical Journal likachapisha taarifa ya Wakenya walioupata kwa kula kumbikumbi. Kumbikumbi wenyewe hawana hatia, na mimi sitaacha kuwala. Chakula kilichofungwa bila hewa, kikakaa na joto, ndicho kinachompa kijidudu nafasi ya kutengeneza sumu yake.

Safari ya sumu hii hadi kuwa dawa ya ile sindano ya taya haikuanzia kwa warembo. Alan Scott, daktari wa macho wa San Francisco, alitafuta njia ya kunyoosha macho ya makengeza bila kisu. Aliijaribu kwa nyani, kisha kwa watu, akatangaza matokeo mwaka 1980. Desemba 1989 mamlaka ya dawa ya Marekani iliikubali kwa makengeza na kwa kope zinazojifunga zenyewe. Kampuni ya Allergan iliinunua, na jina la Botox likazaliwa. Kule Vancouver, Kanada, daktari wa macho Jean Carruthers aligundua kwamba wagonjwa wake wa kope walikuwa wakipoteza mikunjo ya paji la uso. Mumewe Alastair alikuwa daktari wa ngozi, na mtu wa kwanza waliyemchoma kwa ajili ya mikunjo peke yake alikuwa mpokezi wa kliniki yao. Walichapisha habari hiyo mwaka 1992. Kibali cha urembo kilipatikana Marekani mwaka 2002, na cha kipandauso sugu mwaka 2010.

Katika vibali hivyo vyote taya halikutajwa. Mwaka 1994 madaktari wa Uingereza waliandika kuhusu wagonjwa ambao misuli yao ya kutafunia ilikuwa imenenepa kupita kiasi, wakachomwa sumu hii badala ya kupasuliwa. Wazo hilo lilipofika Seoul lilipata nyumbani. Korea Kusini kuna mapenzi makubwa ya uso unaochongoka kuelekea kidevuni, na kliniki za huko ziliifanya sindano ya taya kuwa jambo la mchana, la mtu kupitia akitoka kazini. Viwanda vya Korea vilitengeneza aina zao za sumu hiyo kwa bei nafuu, na pamoja na chupa zikasafiri picha za nyuso. Hivyo ndivyo kipimo cha uzuri kilichokatwa Seoul kilivyofika Kapkatet, mahali ambapo shavu lililojaa limekuwa likisifiwa kuwa dalili ya afya na ya nyumba yenye maziwa.

Weka vidole viwili kwenye kona ya taya lako, chini ya sikio, kisha uma meno kwa nguvu. Kinachovimba chini ya vidole ndicho kinachochomwa. Kwa uzito wake ni miongoni mwa misuli yenye nguvu kuliko yote mwilini, na kama msuli wowote unaofanyishwa kazi, hunenepa. Dawa ikiingia humo huzuia kemikali iitwayo asetilikolini isitoke kwenye ncha za mishipa ya fahamu. Baada ya siku kadhaa msuli huanza kudhoofika. Baada ya wiki kadhaa, kwa kuwa haufanyi kazi kama zamani, hupungua unene, na uso nao ukapungua upana. Kati ya mwezi wa tatu na wa sita mishipa hujirekebisha, msuli unaamka.

Hapo ndipo anayetaka sura tu anapaswa kusikiliza kwa makini. Uso mpana si lazima uwe wa msuli. Unaweza kuwa wa mfupa, wa mafuta, wa tezi za mate zilizovimba, au wa jino lililooza ndani kwa ndani. Sindano hupunguza msuli peke yake. Anayechomwa ilhali upana wake ni wa mfupa aliorithi kwa babu yake atatumia pesa na kubaki na uso uleule, ila sasa anachoka akitafuna. Kwa mtu mwingine, hasa wa umri mkubwa, msuli ukipungua ngozi ya shavu hulegea ikaning'inia, akaonekana mzee kuliko alivyoingia.

Anayesaga meno ana habari tofauti, na kwangu ndiye mwenye haki kubwa zaidi ya kusikilizwa. Kanisani kusaga meno ni habari ya Jehanamu. Nyumbani ni habari ya minyoo: mtoto akisikika akikereza meno usiku, kesho yake hupewa dawa ya minyoo. Dawa hiyo haidhuru na minyoo ipo kweli, lakini watoto wengi husaga meno bila mnyoo hata mmoja na huacha wenyewe wakikua. Kwa mtu mzima mambo huendelea. Takriban mmoja kati ya kumi husaga meno usingizini, na wengi hawajui hadi mke au mume alalamike kelele, au daktari wa meno aone ncha za meno zimesawazika kama zimepigwa tupa. Dalili nyingine ni taya zito asubuhi, kichwa kinachouma pembeni mwa paji, jino lililopasuka bila ajali.

Chanzo chake kiko kwenye ubongo, katika miamko midogo ya usingizi ambayo mtu haikumbuki. Mawazo huizidisha. Pombe, sigara, na kahawa ikizidi vikombe vinane kwa siku vimehusishwa nayo katika tafiti. Baadhi ya dawa za msongo wa mawazo pia. Anayetafuna miraa au muguka hubeba mzigo mara mbili: msuli hufanyishwa kazi kwa saa nyingi, mara nyingi upande mmoja wa shavu, na kemikali iliyomo, inayofanana na amfetamini, hulifanya taya libane hata kinywa kikiwa kitupu. Kijana mwenye taya lililovimba upande mmoja hahitaji kusafiri kwenda kumwona mtaalamu wa urembo ili ajue kisa.

Na mawazo, je? Nchi ya chai ina sababu zake. Mkulima mdogo hulipwa kwa kilo kila mwezi, kisha husubiri bonasi ya KTDA, wakala wa chai ya wakulima wadogo, bonasi ambayo hufika karibu na Oktoba baada ya mwaka wa hesabu kufungwa Juni. Karo, mkopo wa chama na deni la duka la mbolea vyote vimesainiwa kwa jina la Oktoba. Bonasi ya viwanda vya magharibi ya Bonde la Ufa imekuwa ndogo kuliko ya wenzao wa mashariki, na kila mwaka inapotangazwa redio za Kikalenjin hujaa hasira. Kwenye mashamba makubwa hali ni ya aina nyingine. Mei 2023 mashine za kuchuma majani ziliteketezwa Kericho, vijana wakipambana na polisi, kwa sababu mashine moja huchukua kazi ya mikono mingi. Mashamba yaliyoanzishwa na Brooke Bond na Finlay katika miaka ya ishirini yamepita mikononi mwa wamiliki wengine, na kila mauzo huja na minong'ono ya nani atabaki na nyumba ya kampuni. Sidai kwamba bei ya chai imesaga jino la mtu yeyote. Nasema tu kwamba mtu akilala na hesabu hizo kichwani, si ajabu taya lake likikesha.

Kwa mtu huyo sindano haiondoi chanzo. Vipimo vilivyofanywa usingizini vimeonyesha jambo la kuvutia: baada ya kuchomwa, mtu huendelea kusaga karibu mara zilezile, ila kwa nguvu ndogo. Ubongo unatoa amri kama kawaida. Msuli ndio unaoitikia kwa unyonge. Nafuu hiyo ni ya kweli. Jino linapona kupasuka, kichwa kinatulia, na kwa mwenye maumivu makali inaweza kuwa faraja kubwa. Tafiti zenyewe, hata hivyo, ni ndogondogo, na madaktari wa meno wengi huitunza sindano kwa wale ambao njia nyepesi zimewashinda.

Njia nyepesi ni zipi? Ya kwanza ni kipande cha plastiki ngumu kinachofinyangwa kwa vipimo vya meno yako na kuvaliwa wakati wa kulala. Hakizuii kusaga, lakini kinachosagwa kinakuwa plastiki. Kisha kuna mazoezi ya taya, kitambaa cha moto, kupunguza muguka na pombe, kutibu jino bovu linalomfanya mtu aume upande mmoja, na kupima usingizi wa anayekoroma sana na kukatikiwa na pumzi. Daktari wa meno ndiye wa kuanza naye, na huyo hahitaji kutafutwa Nairobi. Hospitali ya Tenwek, ambayo misheni yake ilianza mwaka 1937 na ambayo leo hupasua hadi moyo, iko palepale Bomet. Kericho ina hospitali ya rufaa ya kaunti, Bomet ina ya Longisa. Kinachofanya watu wasiende ni mazoea: huku kwa daktari wa meno huendwa siku ya kung'oa.

Wachomaji wa taya, kwa upande wao, wamejazana Nairobi. Ndiyo maana safari hii kwa kawaida huanza kwa matatu ya alfajiri kupitia Nakuru, au, na hili ndilo linaloniogopesha, kwa mtu anayekuja na chupa kwenye begi na kukodi chumba nyuma ya saluni. Dawa hii huhifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Chupa iliyosafiri juu ya dashibodi kutoka Nairobi hadi Sotik huenda isiwe na nguvu tena, na hiyo ndiyo bahati nzuri. Bahati mbaya ni chupa isiyojulikana ina nini. Aprili 2024 mamlaka za afya za Marekani, nchi yenye wakaguzi wa kila aina, zilitangaza kwamba watu wa majimbo kadhaa wamedhurika baada ya kuchomwa sumu bandia au na watu wasio na leseni, wengine wakilazwa. Uniti za kampuni moja pia hazilingani na za nyingine: uniti 25 za Botox si sawa na uniti 25 za Dysport, na anayezichanganya anampa mteja kipimo ambacho si chake.

Hata mikononi mwa fundi halali, msuli huu una majirani. Dawa ikimwagika mbele kidogo, hugusa msuli unaovuta pembe ya mdomo, na tabasamu hupinda kwa wiki kadhaa. Isipoenea vizuri, sehemu ya msuli isiyofikiwa hujitutumua ikatokeza uvimbe kila mtu anapotafuna. Wiki za kwanza mahindi ya kuchoma na nyama ngumu huwa adhabu. Wapo watafiti wanaofuatilia pia kama mfupa wa taya lililopumzishwa mara kwa mara hupungua uzito, kwa kuwa mfupa hujengwa na kazi. Majaribio ya wanyama yameonyesha hivyo. Mjamzito hapaswi kuchomwa, wala mwenye ugonjwa wa kudhoofika misuli. Mtu akianza kushindwa kumeza au kupumua, siku hiyohiyo ni hospitali, hata kama sindano ilichomwa wiki iliyopita.

Oktoba 2024 mwanamke mmoja alifariki Nairobi baada ya upasuaji wa urembo, kliniki ikafungwa, na kwa siku kadhaa nchi nzima ikageuka mkaguzi wa kliniki. Kisa chake kilikuwa cha kisu, si cha sindano, lakini swali lililoulizwa ni lilelile: nani amemruhusu huyu kukugusa? Baraza la madaktari na madaktari wa meno, KMPDC, ndilo linalosajili watu hao na kutoa leseni za vituo, na orodha yake inaweza kutazamwa kwenye intaneti kwa jina. Bodi ya dawa na sumu ndiyo inayosajili dawa yenyewe. Mteja ana haki ya kuona chupa ikifunguliwa mbele yake, kusoma jina la kampuni, namba ya toleo na tarehe ya mwisho, na kuuliza ni uniti ngapi zinaingia kila upande. Mchomaji anayechukizwa na maswali hayo ameshayajibu.

Jambo la mwisho ni hesabu. Sindano hii haichomwi mara moja yakaisha. Anayetaka uso ubaki mwembamba, au meno yaendelee kupumzika, atarudi mara mbili au tatu kwa mwaka, kwa pesa za mfukoni, pamoja na nauli. Kile kifaa cha plastiki hulipwa mara moja na, kikitunzwa, huvaliwa kwa miaka. Nimesikia mabinti wakipanga kuanza sindano bonasi ikiingia, na sina la kuwakataza. Ni taya lao. Ila msuli utaamka Februari au Machi, katikati ya kiangazi, wakati majani ni machache shambani na shule zimeshachukua karo ya muhula wa kwanza.